Farasi wa Nyumbani Tuliyemnadi Kombani

Mume wangu alirudi kutoka bara asubuhi moja ya kiangazi, na alirudi amepanda farasi.

Nilikuwa uani nageuza mbata juani. Mavyaa, yaani mama wa mume wangu, alikuwa kibarazani akipepeta mchele, na binti yetu mdogo kando yake. Tulisikia makelele ya watu njiani, makelele kama ya harusi ila hayakuwa na ngoma, nikatoka na mikono yangu ya mafuta. Nikamwona. Mwaka na miezi kadhaa sikuwa nimemtia machoni, na sasa yu juu ya vichwa vya watu wote, na kofia yake ya viua, na chini yake mnyama wa rangi ya hudhurungi mwenye doa jeupe kipajini, anaitazama nyumba yetu kama mgeni anayetafuta pa kukaa.

"Shikamoo, mama," mume wangu alisema kutoka huko juu.

Mavyaa hakuitikia. "Shuka kwanza. Mimi siamkiwi na mtu aliye juu ya mnyama."

Akashuka. Akaamkia tena.

"Marahaba. Na huyu ni nani?"

"Ni farasi, mama."

"Hilo naliona. Nauliza ni wa nani."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunichanganya, na sina hakika kama yamekwisha kunichanganya mpaka leo.

Tulikuwa tukikaa Waa, ndani kidogo ya barabara iendayo Ukunda. Ulikuwa mwaka wa pili tangu bendera kubadilishwa. Mume wangu alikuwa saisi, mtunza farasi, katika shamba la Mzungu mmoja huko bara, kazi aliyoianza kabla hajanioa. Barua yake ya mwisho ilisema kwamba Mzungu yule anauza kila kitu arudi kwao, na kwamba yeye anarudi nyumbani na kitu kitakachotupa raha. Mimi nilidhani ni cherehani. Nilikuwa nimekwisha kulihamisha kasha la nguo ili nipate pembe ya chumba yenye mwanga.

Alitueleza habari yote baada ya chakula. Wazungu wa bara walikuwa wakiondoka, na farasi wao wakibaki bila wa kuwapanda. Mzee mmoja wa Kisomali, mfanyabiashara wa mifugo mwenye kambi yake Samburu, kule kwenye barabara kuu ya Nairobi, alikuwa akiwakusanya. Lakini hakuwa akichukua kila farasi. Aliwaacha wale warefu wa mashindano, akachagua wadogo ambao asili yao ni kwao Usomalini, wafupi, wakavu, wenye shingo nyembamba. Hata Wazungu wenyewe waliwadharau farasi hao na kuwaachia watoto wao wajifunzie. Mzee yule aliamini kwamba hao ndio wanaoifaa nchi mpya. Akamkabidhi mume wangu jike mmoja, akampakia kwenye lori la ng'ombe mpaka Mombasa, na mume wangu akavuka naye kivuko cha Likoni ili awaonyeshe watu wa pwani. Atakayempenda ataagiza, naye ataletewa wake kutoka Samburu.

"Watu wa pwani wamfanye nini farasi?" Mavyaa aliuliza.

"Wampande, mama. Nyumba nzima. Mke aende naye hospitali, watoto waende naye chuoni, baba aende naye shamba. Hali sana, avumilia kiu, hana hasira. Kwao Usomalini hupandwa na mama amebeba mtoto mgongoni. Huyu si farasi wa vita wala wa mashindano. Huyu ni farasi wa nyumbani."

Maneno yake niliyafahamu yote, moja moja. Nilichoshindwa kukifahamu ni jambo lenyewe. Punda tulimjua. Ng'ombe tulimjua. Farasi alikuwa mnyama wa hadithi, wa wana wa wafalme, na sasa alikuwa amesimama uani petu anakula maganda ya mihogo.

Mume wangu alimjengea banda la makuti nyuma ya nyumba, zuri kuliko jiko letu, kama alivyosema Mavyaa. Kila asubuhi alimsugua kwa brashi, akamsafisha kwato moja baada ya moja, akamchanganyia pumba za mahindi na mashudu ya nazi. Alizungumza naye wakati wote. Nami nikiwa jikoni nilikuwa nikiisikia sauti yake, sauti ya chini na ya taratibu ambayo mimi sikuwahi kusemeshwa nayo, wala sikujua kwamba anayo. Sikuona wivu. Au labda niliona. Mtu anaweza kumwonea wivu mnyama? Nilijiuliza hivyo nikikuna nazi, na sikupata wa kumuuliza.

Siku ya soko tulikwenda Kombani. Mimi nilikuwa na kikapu changu cha viazi vitamu, yeye alikuwa na farasi wake amemtandika seruji, yaani tandiko la ngozi, aliyoachiwa na Mzungu. Alisimama naye mahali yanaposimama malori yateremkayo kutoka Kwale, akaanza kumnadi. Sikupata kumwona mume wangu akisema mbele ya watu kabla ya siku hiyo. Alisema vizuri. Alimwinua mguu, akawaonyesha kwato. Alitia mkono wake mzima mdomoni mwa farasi, akautoa salama. Alipita chini ya tumbo lake akatokea upande wa pili.

Watu walikuja wengi, na maswali yao yalikuwa mengi zaidi.

"Analima?"

"Halimi, lakini…"

"Anakamwa?"

"Hakamwi."

"Analiwa?"

Hapo walianza kubishana wao kwa wao. Mmoja alisema analiwa, hakuna palipokatazwa. Mwingine akasema ni makuruhu, mnyama wa jihadi haliwi. Wa tatu akataka kujua ladha yake. Mume wangu alisimama katikati ameinua mikono. "Jamani, simuuzi nyama!"

Kisha mzee mmoja mwenye jembe begani, mtu wa pale pale Kombani, alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Wazungu wanakwenda zao, wewe watuletea farasi wao. Kesho utatuletea na mbwa wao?"

Watu walicheka. Mume wangu hakucheka. "Huyu si wa Wazungu," alisema. "Huyu ni Mwafrika kama wewe na mimi. Alikuwa akiwatumikia tu, kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Sasa amerudi kwa watu wake, na watu wake wanamcheka."

Mimi nilimtazama usoni nikashindwa kujua anamsema farasi au anajisema mwenyewe. Na nadhani hakuna aliyejua, kwa sababu watu waliinamisha macho kama watu waliofumaniwa.

Aliyesema baada yake ni muuza nguo mmoja. "Ikiwa ni wa mke na watoto, mbona mkeo hampandi? Si huyo hapo?"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na kikapu kichwani na kiazi mkononi.

"Atampanda," mume wangu alisema. "Soko la tatu kutoka leo, hapa hapa. Njooni mumwone."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi mbele, wao nyuma. Tulipoipita barabara kuu nilimgeukia mume wangu.

"Uliniuliza lini?"

"Ningekuuliza saa ngapi, na watu wangojea jawabu?"

"Mimi sijapanda hata punda."

"Ndiyo maana yake. Wakikuona wewe unaweza, watajua kila mtu anaweza."

Sikujua kama hiyo ni sifa au ni tusi. Niliongeza mwendo, lakini farasi naye aliongeza, na njia nzima nilikuwa nikisikia pumzi yake ya joto nyuma ya shingo yangu.

Baba yangu alikuwa maalim wa chuo cha Kurani huko Msambweni. Nilifunga safari kwenda kwake nikiwa na nia moja tu, anikataze. Nilijua akishasema hapana, mume wangu hatakuwa na la kusema, nami nitakuwa sina lawama. Nilimkuta akisomesha, nikangoja mpaka watoto walipotoka, nikamweleza yote.

"Uharamu wake sijausoma mahali," alisema. "Wanawake wa Masahaba walipanda ngamia, na safari zao zilikuwa ndefu kuliko Waa na Kombani. Lakini haya ya mtu, mwanangu, haipimwi kwa kitabu. Hiyo mtu huipima mwenyewe."

"Kwa hivyo niende au nisiende?"

"Mumeo asemaje?"

"Asema niende."

"Na wewe wasemaje?"

"Mimi nimekuja kukuuliza wewe, baba."

Akafunga kitabu chake, akakizungushia kitambaa. "Vaa suruali pana kwa ndani," alisema. "Na usipite naye mbele ya msikiti wakati wa sala."

Ndiyo yote niliyoyapata. Nilirudi Waa sijui kama nimepewa ruhusa au nimepewa mtihani. Lakini suruali nilishona, kwa mkono, kwa kitambaa cha kaki, na juu yake nikavaa gauni na leso zangu mbili.

Tulijifunzia kwenye minazi, nyuma ya nyumba, kila asubuhi baada ya umande kukauka. Mara ya kwanza nilipandishwa nikashushwa hapo hapo, kwa sababu nililia. Mara ya pili nilianguka. Nilianguka upande wa kulia, juu ya kumbi za nazi, na nilipofumbua macho farasi alikuwa amesimama palepale, amekiteremsha kichwa chake ananusa leso yangu. Angeweza kwenda zake. Mume wangu alikuwa mbali akikimbia kuja, na yule mnyama alikuwa ameningoja. Sikujua nimshukuru vipi, nikamwambia, "Haya, basi," kama vile yeye ndiye aliyekuwa amelia.

Nilijifunza kushika hatamu bila kuzivuta. Nilijifunza kwenda matiti, ule mwendo wa kurukaruka unaogonganisha meno, na kuinuka na kukaa pamoja nao mpaka meno yakaacha kugongana. Siku moja nilikuwa nikizunguka shamba nikageuka kumuuliza mume wangu kitu, nikamwona yuko kule mwanzo, amesimama na kamba ya kumwongozea farasi mkononi, na kamba haikufungwa popote. Alikuwa ameiachia bila kuniambia. Nilikuwa nimekwenda peke yangu muda wote ule. Badala ya kufurahi nilikasirika, nikamfokea, kisha nikaomba nizunguke tena.

Kutoka juu niliona mambo ambayo sikuwahi kuyaona: paa la jiko letu lilivyokonda, nyua za jirani, mwanamke aliyekuwa akilala mchana na kutuambia sisi hana nafasi. Majirani nao walianza kuniamkia vingine. Wengine ambao ni wakubwa wangu kwa miaka walisema "shikamoo", wakacheka, na nisijue ni mzaha wa aina gani.

Na Mavyaa, aliyempinga farasi tangu siku ya kwanza, alikuja bandani asubuhi moja amevaa buibui yake. Kulikuwa na matanga Ng'ombeni, na goti lake lilikuwa likimsumbua.

"Nipandisheni," alisema.

"Mama, wewe?" mume wangu aliuliza.

"Si ulisema ni wa nyumba nzima? Au mimi si wa nyumba hii? Miguu yangu imechoka, na mnyama yuko hapo anakula pumba za bure."

Tulimpandisha kwa kinu kilichofudikizwa. Mimi nilikaa mbele, yeye nyuma, amekaa upande mmoja kama bibi harusi, amenishika kiuno kwa nguvu za kutosha kunivunja mbavu. Mume wangu aliongoza. Tulipofika kwenye matanga wanawake walikuwa wakilia uani. Wa kwanza alituona, akanyamaza. Wa pili naye. Mwisho matanga yote yakawa kimya, watu wanatutazama, na mimi nikatamani ardhi inimeze mimi na farasi.

"Lieni, lieni," Mavyaa aliwaambia. "Sisi tutashuka wenyewe."

Tangu siku hiyo alikuwa wakili wa farasi kuliko mwanawe. Alimwambia kila aliyekuja kwamba mnyama yule hatikisi, ana adabu, na kwamba goti lake limepata nafuu. Goti kupata nafuu kwa kukaa juu ya farasi ni jambo ambalo sikulielewa, lakini nililiona kwa macho yangu likikunjuka.

Siku ya soko ilipofika nilipanda na binti yetu wa miaka minne mbele yangu. Nilipita katikati ya soko la Kombani, kutoka malori mpaka kwa wauza nguo, na kurudi. Sikutazama mtu. Nilitazama masikio ya farasi. Watu waliacha kununua wakanitazama, hata nikadhani suruali yaonekana. Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mihogo akapiga kigelegele, kimoja tu, kirefu, na wengine wakamfuata. Nikamwona mwanamume mmoja akitema mate na kutupa kisogo. Binti yangu alikuwa akicheka. Hivyo vyote vilitukia pamoja, kwa wakati mmoja, na mpaka leo nikiulizwa siku ile ilikuwa ya fahari au ya fedheha hushindwa kuchagua.

Watu watatu walimwambia mume wangu wanataka. Mmoja wao alikuwa karani wa serikali huko Kwale mjini, juu mlimani. Alisema mke wake ni lazima amwone farasi kwanza, amjaribu, na kwamba mke huyo hateremki Kombani.

Kutoka Kombani kwenda Kwale njia hupanda, na kando yake ni msitu, na msituni mna mbung'o. Mume wangu ndiye aliyetuambia, siku ile ile aliyokuja, kwamba mbung'o akimuuma farasi humtia ugonjwa, na kwamba mnyama huyu asipitishwe Kombani kwenda juu hata kwa nini.

"Si wewe uliyesema?" nilimwambia.

"Mara moja tu. Nitapita naye mchana, kuna jua."

"Mbung'o haogopi jua."

"Wewe umejulia wapi habari za mbung'o?"

"Kwako."

Akanitazama. Nilidhani atatua seruji chini. Badala yake alikaza mkanda wa seruji, akatoka na farasi. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi. Hakuwa mtu mjinga, na hakuna aliyempenda yule mnyama kumshinda. Lakini alimpeleka. Alirudi siku ya pili yake na habari kwamba mke wa karani alikuwa amechungulia dirishani, akasema ni mdogo, akafunga dirisha.

Wiki chache baadaye farasi aliacha pumba. Kisha mbavu zikaonekana, na tumbo na miguu ikavimba, na macho yakawa yanatoka maji. Daktari wa mifugo alikuja, akamchoma sindano, akatikisa kichwa. "Mmechelewa kuniita," alisema. Mume wangu alikuwa akilala bandani. Mchana Mavyaa alikaa naye akimpungia nzi kwa kipepeo cha ukindu, akimsomea. Nilimwambia, "Mama, huyo ni mnyama." Akanijibu, "Na mimi namsomea mnyama. Wewe wadhani nimemsahau ni nini?"

Alikufa adhuhuri moja. Aliegemea ukuta wa banda, akateremka taratibu, kama mtu anayekaa kitako.

Mume wangu aliingia ndani akaketi kitandani, akawa anatazama mikono yake. Nilimpelekea chai ikapoa. Nje watu walikuja na majembe bila kuitwa, na yule mzee wa Kombani aliyeuliza habari ya mbwa alikuja na lake, akachimba kuliko wote, mpaka shati likamlowa. Walipomaliza waliingia mmoja mmoja kumpa mume wangu mkono wa pole, kama mtu aliyefiwa. Wengine hawakujua waseme nini, wakasema tulichozoea kusema. "Ni kazi ya Mungu." Mimi nilikuwa mlangoni, nikishindwa kujua kama nijifunike leso nilie, na kama nikilia watu watasemaje.

Mzee wa Samburu alipata habari akaja. Tulimngoja kwa hofu. Alikuwa mtu mrefu, ndevu zake zimetiwa hina, na alikaa kibarazani akanywa chai vikombe viwili kabla ya kusema lolote.

"Nilikwambia usimpitishe msituni?" alimuuliza mume wangu.

"Uliniambia."

"Ukampitisha."

"Nilimpitisha."

"Basi." Akaweka kikombe chini. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mama, ndiwe uliyempanda?"

"Ndimi."

"Mdomo wake ulikuwaje? Alikuwa mzito wa hatamu?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikaanza kumjibu, nikajikuta sikomi. Nikamwambia alikuwa mwepesi upande wa kushoto na mzito kidogo wa kulia. Kwamba ukimshika ghafla aliinua kichwa, lakini ukimwambia kwa goti aligeuka mwenyewe. Kwamba akisikia lori alisimama akatega masikio, hakukimbia. Kwamba kwa mtoto mdogo alijua, akapunguza mwendo bila kuambiwa. Mzee yule alikuwa akitikisa kichwa, naam, naam. Nilipotazama kando nilimwona mume wangu amenikazia macho, kama siku ile nilivyomtazama yeye sokoni, nikanyamaza katikati ya neno.

Mzee alitaka mume wangu amrudie Samburu, awe msimamizi wa farasi waliobaki. Mume wangu alimshukuru akakataa. Mwezi uliofuata alipata kazi bandarini Mombasa, kupakia na kupakua makasha, na akawa anakuja nyumbani mwisho wa wiki. Habari za farasi hakuzitaja tena, wala sikuthubutu kuzitaja mbele yake.

Miezi mingi baadaye, mume wangu yuko Mombasa, alibisha hodi fundi seremala kutoka Msambweni. Sikumjua. Alisema amesikia habari za farasi tulizozitangaza, na amekuja kuuliza. Mke wake alikuwa amepooza miguu baada ya uzazi. Shamba lao lilikuwa mbali na nyumba, naye alikuwa amechoka kukaa ndani akiletewa mazao ya shamba asiloliona.

"Nimeambiwa ni farasi wa nyumbani," alisema. "Je, anafaa?"

Nilimwambia ukweli, kwamba wetu alikufa.

"Nimesikia. Lakini nauliza, anafaa?"

"Anafaa," nilisema. "Ni mpole, atamngoja hata akianguka. Ila mbung'o wakimpata hana maisha. Na hata wasipompata, sijui kama hewa hii anaiweza. Wetu hakukaa nasi vya kutosha tukajua."

"Sasa nimwagize au nisimwagize?"

"Sijui, kaka."

"Wewe ndiwe uliyempanda. Usipojua wewe nani atajua?"

Nilimfikiria mke wake ndani ya nyumba. Nikasema, "Mimi ningemwagiza." Na papo hapo nikataka kuyarudisha maneno yale, lakini alikuwa amekwisha kusimama, ananishukuru. Nilimwelekeza Samburu. Siku kadhaa sikulala vizuri, kwa sababu nilikuwa nimemnadia mtu farasi kwa hiari yangu, bila mume wangu, na sijui nilikuwa nikimsaidia au nikimponza.

Mwaka mmoja ulipita, na zaidi. Nilikuwa Ukunda siku moja nangojea gari la kwenda kwa baba, nikaona watu wakipisha njia. Alikuwa mwanamke juu ya farasi mdogo wa kijivu, amefungwa kiunoni kwa mkanda mpana, na seruji yake imetengenezwa kwa mbao, yenye kiegemeo kama kiti. Kando alikuwa yule seremala, amebeba kidaraja cha ngazi tatu begani, cha kumpandishia na kumshushia. Farasi alikuwa amenona. Kwa nini yule aliishi na wetu akafa, sijui. Msambweni iko mbali na msitu, labda ni hilo tu.

Seremala alinionyesha kwa mkewe. Mwanamke yule alisimamisha farasi akaniamkia, akaniambia, "Mwambie mumeo Mungu amlipe kheri." Nikasema nitamwambia. Wakapita.

Mume wangu alipokuja mwisho wa wiki nilimwambia, tukiwa tunakula. Alitafuna kwanza tonge lake.

"Ni wa rangi gani?" aliuliza.

"Wa kijivu."

Akaendelea kula. Baada ya kitambo akauliza kama kwato zake zimechongwa vizuri.

Sikuwa nimeziangalia kwato. Nikamwambia ndiyo, zimechongwa vizuri sana.